Umeme una saa yake: barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati, EPRA na Kamati ya Nishati ya Bunge

Mheshimiwa Waziri wa Nishati na Petroli, Mkurugenzi Mkuu wa EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na petroli, na waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Nishati ya Bunge la Taifa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Changamwe, Mombasa. Mimi ni fundi wa umeme. Kazi yangu ni majumba, viwanda vidogo, pampu za maji na siku hizi sola za juu ya paa. Tunaoishi upande huu tunaijua Kipevu kwa macho na kwa pua, maana ile mitambo ya kuchoma mafuta mazito iko jirani yetu tangu zamani. Jambo ninaloliandikia ni la nchi nzima, lakini hapa kwetu linaonekana waziwazi.

Kenya ina sifa ambayo mataifa mengi tajiri hayana. Takribani asilimia 90 ya umeme wa gridi yetu unatokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Rais amelitangaza lengo la kufika asilimia 100 ifikapo 2030, na Septemba 2023 viongozi wa Afrika walikutana ukumbi wa KICC wakatoa Azimio la Nairobi kuhusu tabianchi. Mimi nalitaka lengo hilo litimie kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana nasema kwamba kwa jinsi tunavyonunua na kuuza umeme leo, ile asilimia 10 iliyobaki haitaondoka kwa kuongeza tu megawati za jua na upepo. Hewa chafu iliyobaki kwenye gridi ina saa zake na ina mahali pake. Mikataba yetu na bei zetu hazijui saa, na hazijui mahali.

Tuitazame siku moja ya kawaida ya umeme wetu.

Usiku wa manane nchi imelala. Mahitaji hushuka hadi karibu nusu ya yale ya jioni, ambayo mwaka 2025 yalivuka megawati 2,300. Saa hizo hizo ndizo upepo wa Turkana unavuma kwa nguvu zake zote, na mitambo 365 ya Loiyangalani, yenye jumla ya megawati 310, inazunguka. Mkataba unataka umeme huo uchukuliwe, na usipochukuliwa ulipwe vilevile. Kwa hiyo Olkaria, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini karibu na Naivasha, inaambiwa ipunguze. Lakini kisima cha mvuke si jiko la gesi, kwamba utakifunga usiku na kukiwasha asubuhi. Mvuke unaendelea kupanda, na usipopita kwenye tabo, yaani mashine inayozungushwa na mvuke, unaachiliwa hewani. Wanaofanya kazi zamu ya usiku upande wa Naivasha wanaijua sauti yake. Ni umeme safi, wa nyumbani, usiohitaji meli wala dola ya mafuta, nasi tunaupuliza angani kila usiku huku kiwanda cha jirani kikichoma kuni kwenye boila.

Kukicha, jua linaingia. Garissa, Malindi na Eldoret zinaanza kutoa, na pamoja nazo mapaa ya viwanda, maduka makubwa, hospitali na vyuo, ambayo sola zake sasa zimefika mamia ya megawati ambazo Kenya Power, kampuni inayotuuzia umeme, haiziuzi. Mchana umeme ni wa kutosha.

Kisha inafika saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua limekwisha. Taa zinawashwa, pasi, hita za kuogea, televisheni, jiko la umeme kwa wachache wanaolimudu. Hadi kufikia saa mbili usiku mahitaji yamepanda hadi kileleni. Hapo ndipo Kipevu, Rabai, Thika na Athi River zinaitwa kazini, na mafuta yaliyosafiri baharini yanaanza kuchomwa. Saa nne usiku mambo yanatulia, na usiku ukikomaa Olkaria inarudi kuachilia mvuke.

Waheshimiwa, tatizo lenyewe ndilo hilo. Ukiongeza megawati 200 za jua bila betri, mchana utafurika zaidi na saa mbili usiku hutapunguza hata lita moja ya mafuta. Ukiongeza upepo unaovuma usiku wa manane, utaiongezea Olkaria mvuke wa kupoteza. Takwimu za nishati jadidifu zitapendeza, moshi utabaki palepale, na mwananchi atalipa vyote viwili.

Tulifikaje hapa? Mwaka 2008 serikali ilitangaza bei maalumu za kununulia umeme jadidifu, ikazirekebisha 2010 na 2012. Wakati ule ilikuwa hatua ya ujasiri, maana nani angeleta fedha zake jangwani bila kuhakikishiwa bei? Lakini bei ile ilikuwa moja, uwe umeleta uniti yako saa sita mchana au saa mbili usiku, uwe uko kando ya mji unaohitaji umeme au mwisho wa dunia. Mwekezaji akafanya alichoombwa kufanya: alete uniti nyingi kwa gharama ndogo, popote, wakati wowote. Simlaumu.

Loiyangalani ilitufundisha somo la mahali kwa bei kali. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, laini ya kuupeleka umeme wake Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikawashwa Septemba 2018. Kwa kipindi chote kile cha katikati mkataba uliibebesha serikali gharama ya umeme ambao haukuwa na njia ya kupita, mabilioni ya shilingi, na fedha hizo zilirudi kutafutwa kwa walipa bili. Upepo haukuwa na kosa. Waliosaini ahadi mbili katika meza mbili tofauti, moja ya mitambo na nyingine ya laini, ndio walioacha pengo, na aliyetumbukia ndani yake ni mteja ambaye hakuwa kwenye meza hata moja.

Baada ya hapo tukaenda upande wa pili. Kikosi kazi cha Rais cha mwaka 2021 kilipitia mikataba, bei ikashushwa kwa asilimia 15 Januari 2022, na mikataba mipya ikasimamishwa kwa muda mrefu. Nilielewa hasira ile. Lakini kusimamisha kila kitu nako kuna bei yake, kwa sababu mahitaji hayakusimama. Jioni iliendelea kukua, na pengo likazibwa kwa mafuta na kwa umeme wa jirani. Wa Ethiopia, unaoletwa na laini ya Sodo hadi Suswa tangu mwisho wa 2022 ukianza na megawati 200, umetusaidia sana, na ni umeme wa maji. Nashukuru upo. Ila hakuna nchi inayoweza kumwachia jirani jioni yake yote.

Sasa tunayo sera ya minada ya nishati jadidifu ya mwaka 2021, ambayo inaondoa jua na upepo kwenye bei maalumu na kutaka watu washindane. Naiunga mkono. Swali langu ni hili: mtapiga mnada wa nini? Mkipiga mnada wa uniti za bei rahisi kuliko zote, mtapata jua tupu la mchana, kwa bei nzuri kabisa ya kutangazwa magazetini, na saa mbili usiku tutabaki na Kipevu. Naomba mnada ununue saa. Tangazeni kwamba nchi inanunua umeme safi wa kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa nne usiku, na kwamba anayeuleta Pwani au Magharibi, kule ambako mafuta yanachomwa kwa sababu laini hazitoshi, atahesabiwa ubora wa mahali alipo. Halafu mwacheni mwekezaji aamue mwenyewe kama atautoa kwenye sola yenye betri, kwenye mvuke, au kwenye maji.

Hili si jambo la kubuni. Januari 2020 India ilipiga mnada wa megawati 1,200 ambapo washindi walitakiwa kuleta umeme wa jua na upepo ukiwa na hifadhi, na wakapewa bei moja kwa saa za kawaida na bei ya juu zaidi kwa saa za kilele. Betri tangu hapo zimeshuka bei sana. Nami mwenyewe ninayefunga mifumo midogo ya nyumbani naona wateja wa kawaida wakiuliza betri ya lithiamu, jambo ambalo miaka michache nyuma lilikuwa la matajiri.

Na somo jingine tulichukue Afrika Kusini. Minada yao iliyoanza 2011 ilishusha bei ya umeme wa jua kwa zaidi ya nusu ndani ya raundi nne. Kisha Eskom, mnunuzi pekee, ikakataa kusaini. Mikataba 27 ilikaa karibu miaka miwili hadi ikatiwa saini Aprili 2018, na ninyi mnajua kilichoipata nchi ile baadaye kwa kukatikiwa na umeme. Mnada mzuri bila mnunuzi anayeaminika ni karatasi. Kabla ya kupiga wa kwanza, hakikisheni Kenya Power ina uwezo wa kulipa, laini ina tarehe ya kukamilika na mwenye kuijenga anabeba hasara akichelewa, na ardhi imekubaliwa na wenyeji. La ardhi mnalijua: mradi wa upepo wa Kinangop wa megawati 60 ulikufa mwaka 2016 baada ya mgogoro na wenyeji, na ule wa Turkana nao ulipelekwa mahakamani kuhusu hati za ardhi yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ni zito kuliko yote, na ambalo sisikii likisemwa hadharani.

Ukinunua tokeni ya umeme, ujumbe unaokuja kwenye simu unakuonyesha namba ya tokeni, uniti, kiasi ulicholipa, halafu kuna fungu linaloitwa gharama nyingine. Ukilifungua fungu hilo unakuta gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, marekebisho ya mfumuko wa bei, ada ya EPRA, ada ya maji, asilimia 5 ya umeme wa vijijini, na VAT ya asilimia 16. Wateja wangu huniuliza kwa nini elfu moja ya mwezi huu imeleta uniti pungufu kuliko elfu moja ya mwezi uliopita. Jibu mara nyingi liko kwenye mistari ile miwili ya kwanza.

Gharama ya mafuta hupita moja kwa moja. Mtambo wa dizeli unachoma, unarudishiwa fedha za mafuta yake. Kenya Power inalipa, kisha inamtoza mteja. EPRA inapiga hesabu ya mwezi na kuitangaza. Katika mlolongo wote huo, asiyeumia mafuta yakichomwa mengi ni kila mtu isipokuwa mama wa Mikindani aliyenunua tokeni ya mia mbili. Na yeye ndiye pekee asiye na uwezo wowote wa kuamua mtambo gani uwashwe jioni ile.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema dawa ni kodi ya kaboni juu ya mafuta ya mitambo. Kwingineko kodi hiyo inafanya kazi kwa sababu mtambo mchafu unapoteza nafasi sokoni mbele ya mtambo safi. Kwetu mtambo wa mafuta haushindani na yeyote. Umelipiwa uwepo wake kwa mkataba, na mafuta yake yanapitishwa kwa mteja. Kodi ingepita njia ileile, ingeshuka kwenye simu ya yule mama, na moshi usingepungua hata kidogo.

Kinachoweza kubadilisha tabia ni kumfanya mwenye kuamua naye aguswe. Huko Hawaii, visiwa vilivyotegemea mafuta kwa umeme wake, msimamizi aliagiza kampuni ya umeme ibebe asilimia 2 ya tofauti ya gharama ya mafuta, ikipanda iwe hasara yake na ikishuka iwe faida yake, kwa kiwango chenye kikomo. Asilimia 2 inaonekana ndogo. Kwa wahasibu si ndogo hata kidogo. Naomba EPRA iweke mgawanyo kama huo hapa: mnunuzi wa umeme abebe sehemu ndogo ya gharama ya mafuta ikizidi makadirio, na abaki na sehemu ya akiba akifanikiwa kuipunguza. Siku hiyo Kenya Power itakuwa ya kwanza kudai betri Rabai, ya kwanza kuisukuma KETRACO, kampuni inayojenga laini kubwa za umeme, imalize laini, na ya kwanza kumtafuta mteja wa usiku.

Mteja wa usiku. Hapa ndipo penye nafasi kubwa ya kupunguza hewa ya ukaa, kubwa kuliko ndani ya gridi yenyewe. Magari, boila za kuni na mafuta mazito, jenereta, mkaa: huko ndiko uchafu wa nchi uliko. Na dawa yake tunaipuliza angani kila usiku pale Olkaria.

Desemba 2017 mlianzisha bei nafuu ya usiku kwa viwanda na biashara kubwa, nusu ya bei ya nishati kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri. Lilikuwa wazo zuri sana. Lakini lilikuja na sharti: mteja lazima kwanza apitishe kiwango chake cha matumizi ya kawaida ndipo apate nafuu. Maana yake kiwanda kilichohamisha kazi yake kutoka jioni kwenda usiku, bila kuongeza jumla ya uniti zake, hakipati kitu. Hicho ndicho hasa tulichotaka kifanye! Ondoeni sharti hilo. Uniti ya saa nane usiku iwe rahisi kwa sababu ni ya saa nane usiku, basi.

Mwaka 2023 mliweka bei ya magari na pikipiki za umeme, shilingi 16 saa za kilele na shilingi 8 nje ya kilele. Nawapongeza, maana hapo mmeitaja saa. Sasa litazameni linavyokwenda mtaani. Dereva wa boda anarudi jioni na betri tupu, anaibadilisha saa moja, na betri ile iliyorudishwa inaingizwa chaji pale pale, kileleni. Kituo chenye betri za akiba kinaweza kusubiri hadi saa nne. Chenye betri chache hakiwezi, kwa sababu wateja wako foleni. Tofauti ya shilingi 8 haimsaidii asiye na akiba. Mkopo wa betri za ziada, au nafuu ya kodi juu yake, ungefanya zaidi kuliko kushusha bei tena.

Na hapa Mombasa, waheshimiwa, kuna jambo dogo ambalo lingeanza kesho. Barafu ya samaki. Mashine za barafu, vyumba baridi vya bandarini na masokoni, pampu zinazojaza matangi ya maji: vyote hivi vinaweza kufanya kazi usiku na kupumzika jioni bila mtu yeyote kuathirika. Nimezifunga pampu kama hizi. Swichi ya saa inayoziwasha saa nne usiku na kuzizima alfajiri ni kifaa cha bei ndogo. Wenye pampu hawaiweki kwa sababu mita yao haina habari ni saa ngapi, na bili inakuja ileile. Wateja wadogo na wa kati wapewe mita inayosoma saa, kwa hiari, wakianza wale wenye mzigo unaohamishika. Mwenye uniti zisizozidi 30 kwa mwezi abaki na bei yake ya chini kama ilivyo, asiguswe na mabadiliko haya yote.

Kuna mambo mawili ya kiufundi nisiyapite. La kwanza ni mabwawa ya Mto Tana. Masinga hadi Kiambere, pamoja na Gitaru yenye megawati 225, ndiyo hifadhi kubwa tuliyo nayo tayari. Maji yanaweza kushikiliwa mchana jua likifanya kazi na kufunguliwa jioni. Wahandisi wanalijua hili na wanalifanya kwa kadiri wawezavyo. Mikataba iwape sababu ya kulifanya zaidi, kwa kuilipa KenGen, kampuni inayozalisha umeme wa mabwawa hayo, kwa utayari wa jioni badala ya uniti tu. La pili ni Muhoroni. Ile mitambo iliyohamishwa kutoka Embakasi mwaka 2016 huchoma mafuta ghali kwa sababu Magharibi volteji inayumba, hata siku ambazo umeme safi umejaa Olkaria. Kinachohitajika ni laini na vifaa vya kushikilia volteji, na fedha za vifaa hivyo zingehesabiwa kama fedha za nishati jadidifu, kwa kuwa ndivyo zilivyo.

Nikisema haya yote, mtu anaweza kuuliza nimejuaje mtambo gani unawaka saa ngapi. Ni swali la haki. Takwimu za EPRA ni nzuri, nazisoma kila zikitoka, lakini ni za miezi sita kwa pamoja. Uingereza humwonyesha raia wake kila nusu saa umeme unatoka wapi. Eskom nayo, pamoja na shida zake zote, inatoa takwimu za kila saa. Sisi tunaolipa kila lita ya mafuta tuna haki ya kuona lini ilichomwa, wapi, na kama mtambo wa bei nafuu zaidi ulikuwa umekaa bure wakati huo. Sheria ya Nishati ya 2019 imetoa nafasi ya kuwa na msimamizi wa mfumo aliyeteuliwa na kuwajibika. Yeyote atakayekuwa, atoe takwimu hizo kwa saa, kwa mtambo, kila siku, kwenye tovuti ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno au cha Pwani anaweza kuzipakua bila kuomba barua.

Sheria hiyo hiyo ya 2019 ilifungua mlango wa wauzaji wengine wa umeme zaidi ya mmoja. Mlango huo ukifunguliwa kikamilifu bila bei ya saa, najua kitakachotokea: kila mwenye uwezo atanunua mchana wake wa bei nafuu kwa muuzaji binafsi, au ataufunga juu ya paa lake, halafu jioni atarudi kwa Kenya Power kuomba uniti ya dizeli kwa bei ya kawaida. Gharama ya jioni itawabakia wasio na paa. Simpingi mwenye sola, ndio riziki yangu. Nasema bei ya saa itangulie, mlango ufuate.

Kwa hiyo naomba mambo haya yaingie kwenye mapitio yajayo ya tarifa, wananchi wakisikilizwa Mombasa na Kisumu na si Nairobi peke yake: sharti la kiwango cha matumizi liondolewe kwenye bei ya usiku, mnunuzi wa umeme abebe sehemu ya gharama ya mafuta, mnada wa kwanza wa nishati jadidifu uwe wa umeme wa jioni, ukianzia Pwani, na takwimu za kila saa zianze kutolewa kabla ya mnada huo, ili kila atakayeshindana aione jioni ya Kenya jinsi ilivyo. Mkiita kikao cha maoni hapa Mombasa, nitafika, na nitakuja na wenye mashine za barafu.

Wenu katika kazi,
Fundi wa umeme, Changamwe